Lipu ya Nyumba ya Kamanda

Jumamosi ile Karai alirudi kutoka saiti mapema, mikono imepauka kwa saruji hadi viwikoni, akamkuta mama yake anapiga pasi kombati za kaka yake. Hakusalimu. Alivua viatu mlangoni, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu:

"Mama, Jumatatu napanda lori."

Mama hakuuliza lori gani. Mtaa mzima ulikuwa na lori moja tu la kuzungumzia, lile la jeshi lenye kipaza sauti, lililokuwa likizunguka wiki nzima kuita watu waje uwanja wa mpira wajitolee kwenda vitani. Safari hii, sauti ilisema, hata wanawake wanakaribishwa. Sikia neno hilo. Serikali ambayo mwanamke akienda kujifungua humrudisha nyumbani akalete glovu zake mwenyewe, leo imepata adabu ya kukaribisha.

"Wewe uende vitani," Mama alisema, pasi ya mkaa ikimfukizia moshi usoni, "na kuku tu unashindwa kumchinja."

"Kuku hajanikosea."

"Na hao wa kule wamekukosea nini?"

Karai alikung'uta saruji mikononi. Swali hilo halijawahi kujibiwa hata na wenye nyota mabegani, sembuse yeye, saidia fundi aliyepewa jina la chombo anachobeba. Tangu asubuhi mpaka jioni kazi yake ilikuwa kupanda ngazi za miti na karai la udongo wa saruji kichwani, chini yake msimamizi akimwita "wewe mwanamke" kana kwamba ni tusi, na kila akishuka anakuta karai jingine limeshajazwa.

"Nimechoka, Mama," alisema mwishowe. "Kubeba nitabeba tu, popote niendako. Lakini kule unabebea nchi, na ukirudi watu wanakusimamia. Muulize kaka. Kaka akienda kwa kinyozi halipi."

Kaka mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, anasikia yote. Mtaani aliitwa Koplo. Hakuwa koplo. Alijitolea akiwa askari wa miguu asiye na cheo, akarudi askari wa miguu asiye na cheo. Cheo alipewa na mtaa, maana mtaa haupendi shujaa mwenye mabega matupu. Kabla ya vita alikuwa fundi wa kupiga lipu. Tangu arudi hakushika mwiko. Alikuwa akikaa kwa kinyozi akisimulia: mto waliouvuka usiku, mvua ya risasi, namna mtu anavyojifunza kulala amesimama. Kinyozi alimnyoa bure, wateja walimnunulia chai, na sajenti wa uandikishaji alipopita pale akamsikiliza, akamwomba Jumatatu asimame juu ya lori, avae kombati zake, watu wamwone. Akamnong'oneza pia kwamba pale bohari ya jeshi wanatafuta mlinzi wa geti, mtu wa kuaminika. Koplo alikubali. Ndizo hizo kombati zilizokuwa chini ya pasi.

"Wewe," Mama alimgeukia, "umekaa tu? Mwambie mdogo wako."

"Kule si kuzuri," Koplo alisema.

"Hata saiti si kuzuri," Karai alijibu.

"Watu wanakufa."

"Hapa hawafi?"

"Mimi mwanaume, we dada."

"Risasi inauliza hilo kwanza?"

Mama aliweka pasi wima. "Mwambie yale ya mtoni. Yale uliyosimulia kwa kinyozi mpaka yule muuza mkaa akashindwa kumaliza chai yake."

Koplo akasimulia ya mtoni. Akaongeza na mengine: harufu, inzi, kijana aliyeshika utumbo wake mwenyewe kama mtu aliyebeba nguo za kufua. Hapo akaona jambo lililomtisha. Kadiri alivyozidisha damu, ndivyo macho ya mdogo wake yalivyozidi kung'aa. Alikuwa anamtazama kama ukuta mrefu ambao na yeye angetaka kuupanda. Ndivyo walivyoumbwa vijana wa maskini: ukiwaambia mahali ni pabaya, wanajipima, na wenye malori wanalijua hilo tangu vita vya babu zetu.

"Basi," Karai alisema. "Kama wewe uliweza yote hayo, na mimi damu moja na wewe, nitashindwaje?"

Akachota maji ya kuoga, akatoka kwenda bafuni uani, akiimba.

*

Koplo alikaa na jambo lake mpaka jua likapinda. Mama alikuwa ameshakunja kombati, anapepeta mchele kwa ungo kwenye kizingiti, na kila baada ya muda mfupi alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akijifanya ni vumbi la pumba. Karai alikuwa anasuka nywele zake zikae karibu na kichwa, mtindo wa kambini. Ndipo kaka akasema, akiangalia sakafu:

"Mimi sikupigana."

Mama aliacha kupepeta.

"Sikuuona huo mto. Niliusikia kwa majeruhi waliokuwa wanapitishwa. Siku tuliyofika kambini kamanda alikagua gwaride, akauliza, fundi ni nani hapa? Nikanyoosha mkono. Akanipeleka kwake, anajenga nyumba ng'ambo ya kilima. Vita vyote nilivyopigana ni hivyo. Nilikuwa napiga lipu."

Nje mtu alikuwa anagonga bati.

"Nyumba ya nani?" Karai aliuliza.

"Ya kamanda."

"Ya jeshi?"

"Ya kamanda. Yake na mkewe. Ina veranda pande zote na bafu mbili."

Hapa inafaa msomaji ajue kitu ambacho Koplo mwenyewe hakukijua vizuri. Saruji ile ilikuwa imeandikwa kwamba ni ya kujengea mahandaki. Mahandaki yakabaki mashimo ya udongo yanayoporomoka mvua ikinyesha, na saruji ikapanda kilima. Mke wa kamanda alikuja mara kwa mara na gari la wagonjwa kuangalia kazi, akalalamika kwamba dirisha la jikoni limeelekea jua. Vita hula watoto wa wafua nguo, vikashiba hutapika majumba. Ilikuwa hivyo juzi, ilikuwa hivyo zamani, na waliokula jana ndio wanaohutubia leo.

Koplo alingoja mdogo wake amdharau. Alikuwa amejiandaa kwa hilo. Ndiyo bei aliyokubali kulipa ili Karai asipande lori. Badala yake Karai alicheka, kicheko cha kutoka tumboni, mkono mmoja bado umeshika nusu ya nywele zake.

"Kumbe," alisema. "Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa saiti."

"Usicheke."

"Mama, umesikia? Koplo wa karai. Sasa si ndiyo vizuri zaidi? Mimi kuchanganya najua, kubeba najua, kusugua ukuta najua. Wakiuliza fundi nani, nanyoosha mikono yote miwili."

"Hujanielewa," Koplo alisema.

Lakini Mama alikuwa ameelewa anavyotaka. Uso wake ulikuwa umefunguka. Akashika kifua. "Kwa hiyo siku zote zile nisizolala," alisema, "nikisikia radio nazima, nikisikia mlango natetemeka, wewe mwanangu ulikuwa unapiga lipu?"

"Ndiyo, Mama."

"Unakula?"

"Nakula."

"Alhamdulillahi. Asante Mungu wangu." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Ungeniambia tangu mwanzo, ningenenepa. Basi kama ni matofali, huyu naye aende. Mshahara wa jeshi hauchelewi. Si ndiyo? Aende akajenge."

"Mama, si wote wanajenga."

"Anayejua kazi hakosi kazi."

Koplo alifungua mdomo. Neno lilifika kwenye meno, likasimama pale, likarudi. Ni rahisi kukiri aibu inayomfurahisha mama. Ile nyingine ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anakaa upande wa pili wa ua.

*

Upande wa pili wa ua, wakitumia bomba moja na kamba moja ya kuanikia, alikaa Mama Timazi. Mwanawe alikuwa fundi ujenzi. Aliitwa Timazi, kama ile kamba ya fundi ya kupimia ukuta, kwa vile alivyosimama wima, na kwa vile ukuta wake haukuhitaji kupimwa mara mbili. Ndiye aliyemfundisha Koplo kushika mwiko. Walijitolea siku moja, wakapanda lori moja, na aliyerudi ni mmoja. Mwili haukuletwa. Kilicholetwa ni maneno: Koplo aliporudi alikwenda kwa yule mama kabla hata hajaoga, akamwambia alikuwa naye kwenye handaki dakika ya mwisho, alimshika kichwa, na kwamba Timazi alisema, mwambieni mama asilie sana. Mama Timazi aliyachukua maneno yale akayaweka ndani yake kama mtu anavyoweka kaa la moto kwenye jivu. Alikuwa akiishi kwa joto lake.

Jumapili asubuhi wanawake wawili walikutana bombani.

"Nimesikia mwanao anataka kupanda lori," Mama Timazi alisema. "Jirani yangu, nakusihi. Mfungie mlango. Mchukulie viatu. Mimi sikumfungia wangu, na sasa nafunga mlango kila siku jioni, namfungia nani?"

"Usiwe na hofu, mama mwenzangu." Mama alimshika bega. Alitaka kumfariji tu. Furaha yake ya jana ilikuwa bado haijapoa, na furaha haina breki. "Huyu haendi kupigana. Anakwenda kujenga, kama kaka yake."

Ndoo ya Mama Timazi ilijaa, ikamwagika. Hakufunga bomba.

"Kama kaka yake alifanyaje?"

Mama alijua pale pale. Alitamani ardhi immeze, lakini ardhi ya ua ule ilikuwa ya sakafu. "Nilikuwa nasema tu," alijibu. "Mambo ya vijana. Chota, chota, maji yanapotea."

"Kama kaka yake alijenga wapi?"

Na mtu aliyezoea kusema kweli, hata akitaka uongo, hana akiba yake ndani. Mama akasema.

*

Mama Timazi hakuja mbio. Alipeleka maji yake ndani kwanza, akajifunga kanga nyingine juu ya ile ya kwanza, kama anayekwenda ofisini kwa watu, ndipo akavuka ua. Alipiga hodi. Alikuwa hajawahi kupiga hodi mlango ule tangu watoto wao wanyonye.

"Karibu, mama," Koplo alisema, akasimama kumpisha kiti.

"Nitasimama." Aliegemea ukuta. Karai alikuwa anapanga nguo zake kwenye mfuko, akaacha. "Mwanangu, mimi sikuja kugombana. Nina neno moja tu linanikera, ulitoe. Uliniambia ulikuwa naye kwenye handaki."

"Ndiyo, mama."

"Ulimshika kichwa."

Koplo alishika mgongo wa kiti.

"Mama yako anasema ulikuwa kwa kamanda, unapiga lipu. Mtu ana kichwa kimoja na mikono miwili, hawezi kuwa kote. Kama ulikuwa kule, nani alimsikia mwanangu akisema nisilie sana?"

"Hakuna," Koplo alisema.

"Hakuna aliyesikia?"

"Niliyatunga. Nilikuona umekaa vile, nikaona nikupe kitu."

Mama Timazi alitikisa kichwa taratibu, kama anayehakikisha chenji yake. "Ulinipa," alisema. "Nilikitumia sana. Haya." Halafu akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Sasa nieleze na hili. Kamanda aliuliza fundi nani. Wewe ukanyoosha mkono. Wangu hakunyoosha?"

"Alinyoosha."

"Basi kwa nini hakujenga? Mwanangu alikuwa fundi kuliko wewe. Nasema mbele ya mama yako, sikutukani."

"Ni kweli," Mama alisema haraka. "Alikuwa fundi. Labda nafasi ilikuwa moja. Si ndiyo, baba? Nafasi ilikuwa moja, wakachagua. Ni bahati."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, na mama yake ndiye aliyemfungulia. Angesema tu ndiyo. Wazee wangelia kidogo, wangesema kazi ya Mungu haina makosa, na keshokutwa maisha yangeendelea. Lakini pembeni mfuko wa Karai ulikuwa mdomo wazi, na juu kabisa kulikuwa na glovu zake za kazi, zimekunjwa vizuri, tayari kwenda kujenga. Akatazama zile glovu.

"Nafasi ilikuwa moja," alisema. "Kamanda alitupa kila mtu kipande cha ukuta. Akasema kesho asubuhi nakuja kukagua, mwenye lipu nzuri anabaki, mwingine anapanda gari la mstari wa mbele. Timazi alinicheka. Akasema, wewe changanya ya wote wawili, mimi nichonge ubao wa kusawazishia, wote tuupate. Alidhani tunaweza kubaki wote. Nikachanganya. Yangu kwenye karai langu, yake kwenye lake." Alisugua viganja vyake. "Tulikuwa tumegawiwa sukari ya chai, kwenye karatasi. Yangu, na yake aliyokuwa kaniachia nimshikie. Nikaitia yote kwenye karai lake."

Wamama wawili walimtazama bila kuelewa. Sukari kwao ilikuwa kitu cha kumpa mgeni. Aliyeelewa ni Karai. Alikaa chini polepole, pale pale alipokuwa, juu ya nguo zake.

"Sukari inaua saruji," aliwaambia, bila kumtazama mtu. "Saiti ukikutwa na sukari karibu na mchanganyiko unafukuzwa. Haishiki tena. Unaweza kuipaka vizuri, ikang'aa, ukalala, ukiamka bado ni uji."

"Alipaka vizuri," Koplo alisema. "Ilikuwa inang'aa."

"Ikawaje?" Mama Timazi aliuliza.

"Asubuhi kamanda akachomeka fimbo, ikazama. Akasema, huyu anatupikia uji. Watu wakacheka. Maaskari wote waliokuwa pale. Na mimi nilicheka."

"Alijua?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu siku aliyoshuka kwenye gari. Kila alipokuwa kwa kinyozi akivuka mto ambao hajauvuka, ni hilo alilokuwa akilikimbia.

"Alipitisha kidole ukutani, akakitia mdomoni. Akanitazama. Nikadhani atasema, kamanda alikuwa palepale, angesema ningekwenda mimi. Hakusema. Alichomoa mwiko wake mfukoni akanipa. Akasema, utauhitaji, wako umelegea mpini."

"Mwiko ule ulikuwa wa baba yake," Mama Timazi alisema.

"Najua."

"Uko wapi?"

"Nilimalizia nao ile nyumba. Nikauacha kule."

Hakuna aliyelia. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha kupangusia meza, na alipokitoa alisema jambo ambalo, mbele ya haki, ni bovu kabisa, na ambalo kila mama aliyekuwa mtaani siku ile angelisema.

"Mwenzangu, ungetaka afanye nini? Walikuwa wawili, nafasi moja. Waliowaweka pale ndio wauaji. Mimi siwezi kukudanganya. Namwona mwanangu amekaa pale, nashukuru. Nilaani, lakini nashukuru."

Mama Timazi alimtazama rafiki yake kwa muda. Hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi.

"Sikulaani," alisema. "Unajua ninachokifikiria, nimesimama hapa? Nafikiria, afadhali wangu ndiye angetia sukari. Leo ningekuwa nimekaa ulipokaa, na wewe umesimama hapa, na mimi ndiye ningekuwa nakwambia ni bahati." Akajifunga kanga vizuri. "Ona walivyotufanya. Nimeanza kumlaumu mwanangu kwa kuwa mtu mwema."

Alifika mlangoni, akageuka kwa Koplo. "Lile la asilie sana," alisema, "usimwambie mtu mwingine tena. Waache watu wakae bila kitu."

*

Karai alibaki sakafuni mpaka miguu ya yule mama iliposikika imeshavuka ua.

"Siendi," alisema. "Usifikiri umenisaidia."

"Nilitaka tu ujue."

"Ungetaka nijue, ungesema jana. Jana ulinipa nusu, ukanitazama nafunga mfuko." Alianza kutoa nguo, moja moja, akizikung'uta kama zimekanyagwa. "Toka nikiwa mdogo nilikuwa nataka niwe kama wewe. Nilianza kazi ya saiti kwa sababu yako, unajua? Watu wakisema mwanamke na zege wapi na wapi, nasema kaka yangu fundi. Sasa sijui niwe kama nani."

"Dada."

"Sahani moja na wewe sitaweza kula. Nitajaribu, lakini najijua."

Kabla jua halijatua aliviringisha godoro lake, akaliweka kichwani kama anavyoweka mzigo wowote, akavuka ua. Mama alimfuata hadi katikati, karibu na bomba.

"Unaniacha mimi nimekosa nini?"

"Sikuachi, Mama. Nipo hapo, ukiita nasikia. Yule hana wa kumtekea maji." Akasimama. "Na wewe ulisema unashukuru."

"Ni mwanangu."

"Najua. Ndiyo maana sikugombezi."

Mlango wa pili ulifunguliwa kabla hajabisha. Mama Timazi alimshusha godoro kichwani, akamwonyesha pa kuliweka. Kuna nyumba ambazo msiba huzirudishia watu kwa mlango wa nyuma.

Ndani ya nyumba ya kwanza, mama na mwanawe walikula kila mmoja na sahani yake. Chakula kilikuwa kingi.

*

Jumatatu lori halikungoja uwanjani. Lilipita mtaani kwanza, likisimama kila kona, na mbele ya nyumba ya Koplo likapiga honi ndefu. Juu kulikuwa kumeshajaa vijana: mwana wa muuza mkaa, wawili wa kwa fundi baiskeli, msichana mmoja aliyekuwa akiuza maandazi stendi, bado amevaa aproni yake. Wote walikuwa wamewahi kukaa kwa kinyozi. Wote walikuwa wameuvuka ule mto naye.

Sajenti aliteremka na kipaza sauti mkononi, mwenye furaha ya mtu aliyetimiza idadi. "Shujaa wetu yuko wapi? Koplo, toka, watu wakuone."

Koplo akatoka. Hakuvaa kombati; alikuwa na fulana na kaptula. Watu walikuwa wamejipanga kando ya barabara, kinyozi na wembe mkononi, mteja wake na povu shavuni. Kwenye mlango wa pili wa ua alisimama Mama Timazi, na karibu yake Karai, ndoo ya kazi mkononi, anakwenda saiti.

"Mbona hivyo?" Sajenti alimkagua juu mpaka chini. "Kavae, tumechelewa. Tumekuwekea nafasi mbele. Sema maneno mawili tu, uwape moyo."

Akamnyooshea kipaza sauti.

Koplo alikishika. Kilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Alikuwa amekesha akiyapanga maneno, na yalikuwa mafupi: nyumba, nafasi moja, sukari. Alimwona yule msichana wa aproni akiinama kwenye ubao wa lori ili asikie vizuri. Alimwona mdogo wake ameweka ndoo chini. Kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa anamtazama. Akapumua, na pumzi yake ikatoka kwenye spika zote mbili, mtaa mzima ukaisikia.

"Naumwa," alisema.

Spika zikalirudia. Watu wakacheka kidogo, kwa upendo. Sajenti alikichukua kipaza sauti chake, akampiga bega. "Shujaa anaumwa," alitangaza. "Risasi hazikumweza, malaria imemweza. Mwacheni apumzike, amefanya yake. Sasa ni zamu yenu."

Mama Timazi hakupandisha sauti, lakini kwa kuwa spika zilikuwa zimenyamaza, ilisikika.

"Hata leo," alisema.

Akaingia ndani. Karai aliokota ndoo yake akashika njia ya saiti, akipita katikati ya kaka yake na ukuta kama mtu anayekwepa dimbwi.

Lori likanguruma. Mwana wa muuza mkaa alisimama wima juu yake, akamkonyeza mwenzake, na wote waliokuwa juu, pamoja na yule msichana, wakampigia Koplo saluti, ovyo ovyo, kila mmoja na mkono wake, maana walikuwa bado hawajafundishwa. Wakangoja.

Na yeye akairudisha. Mkono ulipanda wenyewe, ukanyooka, kiganja kikakaa sawasawa kwenye paji, kama alivyofundishwa, na akaushikilia pale mpaka lori likapinda kona.